Mjadala: Stesheni ya Kigoma ikarabatiwe kwa ajili ya nani?

Mwalimu, Ujiji (mtoa hoja)

Ndugu zangu wa Kigoma, naomba tuizungumze stesheni yetu kabla hajatokea mtu na mchoro mkononi. Mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Tabora hadi kwetu, kilometa 506, ulitiwa saini Desemba 2022. Reli hiyo ina upana wa milimita 1,435. Hii tuliyonayo, iliyofika hapa mwaka 1914, ina milimita 1,000. Treni ya moja haipiti juu ya nyingine. Kwa hiyo lile jengo jeupe la matao, pale Barabara ya Lumumba inapoishia, litakuja kuulizwa tu: linabaki, linageuzwa, au linavunjwa?

Mimi nasema libaki, na libaki likifanya kazi. Sitaki liwe mahali pa kupigia picha za harusi huku abiria wakisubiri kwenye mabanda.

Ila nina neno. Kila ninaposikia ukarabati unatajwa, watu huanza na rangi, vigae na madirisha ya alumini. Naomba safari hii tuanze na mguu wa abiria. Mwaka jana nilisafiri na mama yangu. Goti lake la kulia halikunji. Kwenye kituo kimoja cha njiani, sitakitaja, platifomu ilikuwa chini mno, ngazi ya kwanza ya behewa ikamfika karibu na kiuno. Vijana wawili wasiomjua wakamshika, mmoja kwapani na mwingine miguuni, wakampandisha kama gunia la mpunga. Mungu awabariki, walisaidia. Lakini mama hakusema neno mpaka tunafika Uvinza. Pale ndipo akaniambia, “Mwanangu, mimi treni basi.” Ameipanda treni hiyo tangu akiwa msichana.

Pendekezo langu: stesheni ikarabatiwe, na platifomu yote iinuliwe ifike usawa wa sakafu ya behewa. Mengine yafuate baadaye. Karibuni.

Fundi ujenzi, Gungu

Mwalimu, pole kwa mama. Hoja nimeielewa, ila hiyo platifomu yote utaiharibia nyumba unayotaka kuiokoa.

Fikiria hivi. Milango ya jengo inatokea kwenye platifomu ya sasa. Ukiinua zege kwa nusu mita au zaidi mbele ya ukuta wote, milango inabaki shimoni. Matao yanakatwa miguu, nguzo zinaonekana fupi kama mtu aliyezama matopeni. Hilo la sura tuliache. Mvua ya Kigoma mnaijua, maji yatateremka kutoka kwenye zege jipya yaingie ndani. Utachimba mtaro, mtaro utajaa taka, na mwaka wa tatu ukuta umeanza kuota ukungu.

La pili, na hili ndilo linaloniuma zaidi: saruji. Kuta nene za zamani nyingi zilijengwa na kupigwa lipu kwa chokaa. Chokaa inapitisha unyevu, ukuta unalowa na unakauka. Ukija na saruji ngumu juu yake, unyevu unafungiwa ndani. Kwa nje panapendeza siku ya uzinduzi, kisha lipu inavimba na kubanduka mapande kwa mapande. Mafundi wa Mji Mkongwe Zanzibar wamelijua hili kwa gharama kubwa. Na kule tulishuhudia Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, likiporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 likiwa kwenye ukarabati, watu wakafa. Sisemi saruji ndiyo iliyoliangusha. Nasema jengo la zamani unaweza kuliua ukiwa unalitibu. Kabla ya tenda, mtu achimbe kidogo kwenye ukuta, aone umejengwa kwa nini, aandike. Hiyo ni kazi ya siku chache, na haina gharama kubwa.

Kijana wa Mwanga

Naomba nipingane na wazee wangu wote wawili, kwa heshima.

Mbona tunaililia nyumba ya Wajerumani? Reli hii ilianza kujengwa Dar mwaka 1905, mwaka uleule wa Maji Maji. Huku wanatandika mataruma, kule kusini wanachoma mashamba ya babu zetu mpaka watu wanakufa kwa njaa. Haikuletwa Kigoma ili mama yake Mwalimu akasalimie ndugu. Ililetwa kutoa mali huku ndani. Dar wana kituo kipya chenye sura ya tanzanite, kinasimama pale na kila mtu anajua ni cha Tanzania. Sisi nasi tunaweza kupata chenye sura ya mtumbwi, au ya wimbi la Tanganyika, chenye lifti na vyoo vinavyotoa maji. Kwa nini Kigoma peke yake ndiyo iambiwe “tunzeni cha zamani”? Mara nyingi neno “hifadhi” hutumika kwa watu ambao hawatapewa kipya.

Mwalimu, Ujiji

Mwanangu wa Mwanga, sentensi yako ya mwisho imenigusa, na sina jibu la haraka. Ni kweli, tusikubali uhifadhi uwe kisingizio cha kunyimwa. Reli mpya ikija, tudai kituo chake kipya kwa nguvu zote.

Lakini kuhusu nani mwenye jengo, hapana. Mjerumani alileta karatasi na fedha. Waliochimba tuta, waliobeba reli mabegani, wengi wao walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma, na huku mwisho wa njia na Waha wetu. Tukibomoa tunabomoa kazi yao, na kazi yao haina kumbukumbu nyingine.

Tazama Liemba. Meli ile ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikapakiwa kwenye masanduku, ikaja kwa reli hii na kuunganishwa hapahapa Kigoma. Ikapewa jina la Graf von Götzen, gavana yuleyule aliyeamuru vita dhidi ya Maji Maji. Mwaka 1916 wenyewe wakaizamisha karibu na mdomo wa Malagarasi. Ikaibuliwa 1924, na 1927 ikarudi majini ikiitwa Liemba, jina la ziwa kwa lugha za watu wa kusini. Nani leo Kigoma anamkumbuka gavana? Wajukuu wa waliopigwa ndio walioipanda meli ile miaka yote, wakajifungulia humo, wakasafirisha maharage humo. Kitu huwa cha anayekitumia.

Kijana wa Mwanga

Mwalimu, kwenye meli umenishika. Ila meli ilibadilishwa jina, stesheni haijabadilika chochote. Nitakubali ibaki kwa sharti moja: ukarabati wowote uweke ukutani, mahali pa kuonekana, maandishi ya Kiswahili na Kiha yanayoeleza nani aliijenga kwa mikono yake. Isiwe kibao cha jina la mgeni rasmi tu. Bila hilo, mimi bado nasema mtumbwi.

Mama wa dagaa, Kibirizi

Wanangu, mmesema matao, mmesema magoti, mmesema Mjerumani. Mzigo hamjautaja.

Mimi natuma dagaa na mawese Tabora. Siku ya treni, mzigo unafika stesheni saa nyingi kabla ya abiria. Dagaa akilowa umekwisha, hana daraja la pili. Mawese yakikaa juani dumu linavimba. Kwa hiyo nikisikia ukarabati, nauliza: kivuli kitaongezwa wapi? Mtu wa michoro atakuja na bustani na viti vya chuma mbele ya jengo, pazuri kwelikweli, halafu sisi na magunia yetu tutaambiwa tunachafua mandhari, tusogee nyuma. Naomba hili liandikwe pamoja na hoja ya Mwalimu. Njia ya mteremko atakayopitia mama mwenye goti, mkokoteni wangu nao upite. Leo wachukuzi wanabeba gunia kichwani wanapanda nalo ngazi. Hao nao wana magoti.

Mstaafu wa reli, Bangwe

Nimefanya kazi relini miaka mingi, naomba niseme kuhusu platifomu, maana hapo mnakwenda harakaharaka.

Platifomu kuwa chini si uzembe wa mtu mmoja. Reli zetu za zamani zilijengwa hivyo, na behewa likawekewa ngazi zake. Ukiinua ukingo, lazima ujue nini kinapita hapo. Mabehewa ya mizigo hayalingani upana, mengine yana milango na ngazi zinazotokeza. Ukingo wa juu ukiwa karibu sana, utagongwa. Ukiwa mbali, unaacha pengo ambalo mtoto anaweza kutumbukia. Kwa hiyo kuinua platifomu yote ni kazi kubwa kuliko Mwalimu anavyodhani, na Fundi amekwishasema itakavyolidhuru jengo.

Lakini si lazima kuchagua yote au kukosa yote. Uingereza, kwenye stesheni ndogo ya Harrington huko Cumbria, mwaka 2008 waliinua kipande tu cha platifomu, mahali mlango mmoja au miwili inaposimama, kikapandwa kwa mteremko taratibu. Stesheni nyingine za zamani zikaiga, bila kugusa majengo yao. Kwetu kipande kama hicho kingewekwa kando, mbali na matao, urefu wa mabehewa mawili. Mteremko wa kiti cha magurudumu hukadiriwa hivi: kila sentimita 1 ya kupanda, sentimita 12 za kwenda mbele. Ukitaka kupanda sentimita 60, unahitaji mita 7 na sentimita 20. Nafasi ya kiasi hicho haikosekani kwenye platifomu ndefu. Na mkokoteni wa mama wa Kibirizi utapita hapohapo, ila paezekwe.

Mwanafunzi wa sheria, Tabora

Salamu kutoka Tabora, reli ilifika kwetu 1912, miaka miwili kabla yenu. Naongeza jambo moja. Msidhani jengo limelindwa kwa sababu ni la kale. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inahesabu moja kwa moja majengo ya kabla ya 1886. La baadaye linahitaji kutangazwa na Waziri. Mlango wa kuchongwa wa kabla ya 1940 una ulinzi ambao stesheni nzima ya Mjerumani haina mpaka itangazwe. Upande wa abiria, kuna Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayotaka majengo ya umma yafikike. Mkiandika barua, shikeni sheria zote mbili kwa pamoja. Mkishika moja, mtapewa jengo zuri lisiloingilika au zege tupu.

Mkazi wa Katubuka

Mimi natumia kiti cha magurudumu tangu nikiwa na miaka tisa. Nimesoma yote. Nashukuru kwamba kwa mara ya kwanza sikulazimika kuanza mimi.

Mzee wa Bangwe, kipande cha mabehewa mawili nakipenda, ila nakiogopa. Nimeshaona njia za mteremko zilizojengwa vizuri zikaishia kwenye mlango uliofungwa kwa kufuli. Nani atahakikisha behewa linaloniingiza linasimama pale kila safari? Treni ikisimama mita 10 mbele, hicho kipande ni kilima tu. Na ndani je? Nikishaingia, mlango wa behewa na njia ya katikati vinapitisha kiti changu? Mnatengeneza stesheni, lakini mimi nasafiri ndani ya treni.

Mstaafu wa reli, Bangwe

Binti yangu, umeuliza swali la kazi yenyewe. Kigoma ni mwisho wa reli. Treni ikifika, injini inafunguliwa, inazungushwa inafungwa upande wa pili, na behewa lililokuwa mbele linakuwa la nyuma. Na mabehewa yakipangwa upya kabla ya safari ya kurudi, behewa lenye mlango mpana lililofika kwenye kipande kilichoinuliwa wakati wa kuingia Kigoma, kesho wakati wa kutoka linaweza kuwa mwisho mwingine wa treni. Dawa ipo, wala si ya gharama: behewa hilo lipangwe katikati ya treni, na kipande kilichoinuliwa kiwe usawa wa katikati pia. Dereva awekewe kibao cha kusimamia, kimoja kwa treni fupi, kimoja kwa ndefu. Hayo ni maagizo ya kupanga mabehewa, yanaandikwa kwenye karatasi moja. Lakini yasipoandikwa, zege peke yake halitakusaidia.

Fundi ujenzi, Gungu

Katikati ya platifomu ndipo jengo lilipo, mzee wangu. Tunarudi kwenye matao.

Mstaafu wa reli, Bangwe

Ni kweli. Basi si katikati kabisa. Behewa la tatu kutoka upande mmoja, na vipande viwili, kimoja kila upande wa jengo. Mita 7 za mteremko mara mbili.

Mwalimu, Ujiji

Nafuta pendekezo langu la kuinua platifomu yote. Vipande viwili, vyote vimeezekwa, matao hayaguswi, ukuta upimwe kabla ya lipu, na maandishi ya Kijana yaingie. Nitaandika rasimu ya barua kwa lugha hiyo na kuileta hapa. Dada wa Katubuka, naomba upana wa kiti chako kwa sentimita, kuanzia gurudumu hadi gurudumu, niuandike kwenye aya ya kwanza.

Mkazi wa Katubuka

Sitini na nne. Nikiweka mikono kwenye magurudumu, sabini na sita.