Les Eyzies au Cabrerets: nimpeleke mama wapi kuona mapango?

BintiKolo
Habari zenu wanajukwaa. Naomba mawazo ya waliokwisha kutembea vijiji vya kusini-magharibi mwa Ufaransa. Naishi Toulouse, na mama yangu anakuja mwezi wa tano. Ni mwalimu mstaafu wa historia, ana miaka 68. Magoti yanamsumbua ila hakubali kushikwa mkono. Kwetu ni Kolo, Kondoa. Michoro ya mwambani hakuisoma kitabuni, alichunga mbuzi chini yake utotoni. Paris hataki kabisa. Kaniambia, "Nipeleke kijijini kwao nikaone na wao walichora nini."

Nina siku 4. Nimebakiwa na chaguo mbili: Les Eyzies, bonde la mto Vézère huko Dordogne, au Cabrerets pamoja na Saint-Cirq-Lapopie huko Lot. Leseni ninayo, gari sina. Mngekuwa ninyi mngekwenda wapi?

MsafiriWaReli
Les Eyzies, dada, wala usihangaike. Treni ya Agen kwenda Périgueux inasimama pale pale kijijini. Si nyingi kwa siku, kwa hiyo panga saa zako vizuri, ila ukishuka unatembea kwa miguu hadi hotelini. Kijiji chenyewe kimebanwa kati ya mto na jabali la chokaa lililobonyea kama paa, na nyumba nyingine zimejengwa chini ya paa hilo. Makumbusho ya taifa ya historia ya kale yako hapo hapo. Hatua chache tu kuna mahali walipofukua mifupa ya Cro-Magnon, binadamu wa kale wa Ulaya, mwaka 1868. Mwalimu wa historia atatakaje zaidi?

Pango la kuwania ni Font-de-Gaume: baisoni na farasi waliochorwa kwa rangi zaidi ya moja, na ni pango halisi, si nakala. Watu wanaoingia kwa siku ni wachache sana ili pumzi zao zisiharibu rangi, hivyo tiketi itafute mapema mno. Kutoka barabarani hadi mlangoni kuna mpando. Mama aende taratibu, apumzike njiani.

MamaZawadi_Brussels
Namuunga mkono MsafiriWaReli, ila mwanangu, usiache Lascaux. Iko Montignac, bonde hilo hilo. Nilikwenda na wanangu watatu, na yule wa mwisho bado anachora fahali wale kwenye daftari zake.

Jabali77
Mama Zawadi, shikamoo. Kwa watoto nakubaliana nawe kabisa. Lakini tumwambie mwenzetu wazi kwamba anachokwenda kuona Lascaux ni nakala. Pango lenyewe vijana waliligundua Septemba 1940, likafungwa kwa umma mwaka 1963 kwa sababu pumzi za watu zilikuwa zinaharibu kuta. Hiyo ya sasa, Lascaux IV, ilifunguliwa 2016. Kazi ni nzuri na ya kitaalamu. Lakini mama huyu amekua akiangalia mwamba wenyewe, jua likiupiga na upepo ukipita. Sidhani nakala itamtosha.

Mimi kura yangu ni Cabrerets. Kijiji ni kidogo, nyumba zimeegemea genge, mto Célé unapita chini yake maji ya kijani. Juu ya kijiji kuna pango la Pech Merle, nalo ni halisi. Mle ndani kuna farasi wawili wenye madoadoa, wamegeuziana migongo. Wamezungukwa na alama za viganja vya mikono, na rangi nyeusi ilipulizwa kuzunguka kiganja hivi kwamba mkono wenyewe umebaki mweupe. Kichwa cha farasi mmoja kimefuata umbo la jiwe lenyewe. Mchoraji aliliona jiwe, akamwona farasi ndani yake.

Kuna na jambo ambalo wengi hulipita haraka. Angalia juu utaona mzizi wa mwaloni umetoboa dari ya pango na kushuka hadi chini kutafuta maji. Na sakafuni, kwenye udongo ulioganda, kuna nyayo za mtu. Yaonekana alikuwa kijana bado.

MsafiriWaReli
Nyayo sikuzijua, nashukuru. Lakini atafikaje Cabrerets bila gari?

Jabali77
Hapo umesema kweli, gari ni lazima. Toulouse hadi Cahors kuna treni, na gari unakodi Cahors. Kuna basi la Cahors kwenda Figeac linalopita bondeni, chini ya Saint-Cirq-Lapopie, lakini kutoka kituoni ni kupanda mlima, na kwa magoti ya mama nisingethubutu.

MjukuuWaBandarini
Naongeza neno juu ya Saint-Cirq. Kijiji kimekaa juu ya genge kama mita 100 kutoka mto Lot, na zamani kilikuwa na mafundi wa kuchonga mbao kwa kerezo, waliokuwa maarufu kwa bilula za mbao za mapipa ya mvinyo. Ni kizuri kweli, ila vichochoro vimesimama wima, vya mawe, na mwezi wa saba na wa nane watu wanabanana. Mwezi wa tano asubuhi mtapumua. Egesheni gari juu, mteremke polepole hadi kanisani, mrudi. Inatosha.

Kitu nilichokipenda kuliko kijiji ni ile njia ya Bouziès. Wakati wa mashua za mizigo mto Lot pale haukuwa na kingo za kutembea, hivyo walichonga njia ndani ya jabali ili mashua zivutwe kwa kamba. Unatembea na mwamba juu ya kichwa na maji pembeni, ardhi tambarare kabisa. Mama ataimudu. Muulize kwanza mwenyeji kama iko wazi, maana mawe hudondoka na huwa wanaifunga.

MamaZawadi_Brussels
Mbona hakuna anayetaja Rocamadour? Ni mahali patakatifu, na Bikira Maria Mweusi yuko pale.

MjukuuWaBandarini
Ngazi 216, Mama. Mahujaji wengine huzipanda kwa magoti. Lifti ipo, lakini tukubali kwamba siku 4 hazitoshi kila kitu.

Mkufunzi_Arusha
Nimechelewa kuingia, ila kuna jambo sijaona likitajwa, na kwa mtu wa Kolo lina uzito.

Mary Leakey, mwanaakiolojia, mnamfahamu: fuvu la Zinj, zamadamu wa kale, pale Olduvai mwaka 1959, na zile nyayo za Laetoli za miaka milioni 3.6. Mapenzi ya kazi hiyo aliyapatia katika vijiji hivi hivi mnavyovilinganisha. Mwaka 1925, akiwa na miaka 12, wazazi wake walikuwa wakikaa Les Eyzies. Élie Peyrony alikuwa akichimba pango mojawapo, na binti yule aliruhusiwa kuchakura kifusi kilichotupwa, akaanza kukusanya zana za mawe. Baadaye familia ikahamia Cabrerets, na padri wa kijiji, Amédée Lemozi, akamwingiza Pech Merle. Pango lilikuwa limegunduliwa miaka michache tu nyuma, 1922, na vijana wa pale pale ambao padri huyo aliwatia moyo wa kutafuta.

Mwaka 1951 mwanamke huyo alikuwa Kondoa akinakili michoro ya kwenu, ambayo iliingia orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Bonde la Vézère liliingia 1979. BintiKolo, muulize mama yako. Huenda wazee wa Kolo walimwona akinakili.

BintiKolo
Mkufunzi, nimesoma mara tatu. Nimempigia mama simu usiku huu. Amekaa kimya kidogo, kisha akasema, "Basi twende alikoingizwa na padri." Kwa hiyo ni Cabrerets. Nitakodi gari Cahors. Les Eyzies itasubiri safari nyingine, na nikipata tiketi ya Font-de-Gaume nitarudi hapa kuwaambia.

Jabali77
Mmechagua vema. Mambo matatu: agiza tiketi za Pech Merle kabla ya kusafiri, maana idadi ya watu kwa siku ina kikomo. Mle ndani ni baridi kama nyuzi 13, abebe sweta na khanga ya mabegani. Na kuna ngazi za kushuka, mwambie mtembezaji mapema asiwakimbize. Usiku mmoja lalani juu kwenye uwanda wa chokaa, kwenye mialoni mifupi na kuta za mawe zilizopangwa bila saruji. Giza lake ni zito na nyota zinaonekana kama za nyumbani.

BintiKolo
Nimerudi, wapendwa. Kwanza ahsanteni nyote.

Njia ya Bouziès ilikuwa wazi. Mama aliitembea yote tuliyoipanga, kisha akataka tuongeze. Saint-Cirq tulifika saa mbili asubuhi, paka na muuza mikate tu ndio walikuwa macho.

Pech Merle tulikuwa kundi moja na Wafaransa wazee. Mbele ya farasi mama hakusema kitu. Aliinua kiganja chake hewani, mbali na ukuta, akakipima na kile cha jiweni. Tulipofika kwenye nyayo akaniomba nimtafsirie, akamwambia mtembezaji kwamba kwetu tunazo nyingine, za wawili watatu waliotembea kwenye majivu ya volkano. Yule dada alizijua. Akalitaja jina la Laetoli kabla sijamaliza sentensi, na wale wazee wakageuka wote kumtazama mama.

Aliwafundisha pale pale, dakika kumi nzima, mimi nikitafsiri.