Trekta la Baba Gilbert linamisi: gumzo la Majirani wa Kikatiti

Baba Gilbert, 06:41
Shikamooni wakubwa, na habari za asubuhi majirani wote. Massey 135 haitulii. Kwenye sailensa, yaani ikiunguruma bila kuongezwa mafuta, inapanda na kushuka yenyewe, halafu juu ya hapo inamisi, mpigo mmoja unakosekana. Moshi mweupe, unachoma macho. Majembe yakishakamata udongo nguvu zinakata. Masika iko mlangoni na foleni ya mashamba ni ndefu. Naambiwa niishushe pampu niipeleke Arusha mjini ikapimwe. Mnasemaje?

Mzee Kaaya, 06:48
Marahaba. Pampu usiiguse. Hiyo DPA, pampu kubwa inayogawa dizeli kwa nozeli, ni kitu cha mwisho kabisa kwenye orodha, na ukiifungua bila mashine ya kupimia utaongeza ugonjwa wa pili.
Nijibu kwanza: maji ya rejeta yanapungua? Oili kwenye kijiti imepanda? Na hiyo misi, ni ileile muda wote au inakuja na kuondoka?

Baba Gilbert, 06:55
Maji yako palepale. Oili iko kwenye alama, ila nikiinusa nasikia dizeli kwa mbali. Misi ni ya muda wote, pu-pu… pu-pu… Kupanda na kushuka ndiko kunakuja na kuondoka.

Mzee Kaaya, 07:02
Basi una kasoro mbili, usizichanganye.
Injini yote ikipanda na kushuka, tatizo liko pale ambapo silinda zote zinakunywea: upepo kwenye dizeli au dizeli kufika kidogo. Misi ya mpigo uleule ni ya silinda moja: nozeli yake inayopuliza dizeli ndani, au kompresheni yake, yaani mgandamizo wa hewa. Anza na upepo, kwa sababu ukipima silinda huku upepo upo kila jibu litakudanganya.

Mama Witness, 07:05
Na moshi mweupe unaochoma macho ni dizeli iliyoingia isiungue. Ingekuwa maji usingechoma hivyo, na rejeta ingepungua. Mweusi ungesema dizeli nyingi hewa kidogo, wa bluu oili. Kwa hiyo gasketi ya hedi tuiache kwanza.

Fundi Juma Usa River, 07:11
Kweli kabisa. Baba Gilbert, kabla ya spana yoyote, legeza kifuniko cha tangi injini ikiwa inawaka. Kikivuta hewa kwa sauti na injini ikatulia, katundu ka kupumulia kameziba vumbi. Ni dakika moja tu.

Baba Gilbert, 07:24
Nimelegeza. Hakuna kilichobadilika.

Fundi Juma Usa River, 07:27
Sawa. Tafuta kipande cha mpira unaoonyesha ndani, ukaufunge kati ya bomba la tangi na pampu ndogo ya kuvutia, ile yenye kilimi cha mkono ubavuni mwa injini. Washa, angalia mapovu.

Mama Anande, 07:30
Samahani nauliza. Kama bomba linavuja, si tungeona dizeli inadondoka chini? Pale lilipoegeshwa pakavu.

Mzee Kaaya, 07:39
Swali zuri mama. Kwenye 135 tangi liko juu ya injini, dizeli inashuka yenyewe. Bomba bovu kwa kawaida lingelowesha nje. Lakini koki ya tangi ikiziba kwa ndani, pampu ndogo inavuta kuliko kinachoshuka, bomba linakuwa na mvuto, na ule mwanya mdogo ambao ungevujisha dizeli nje sasa unanyonya hewa ndani. Ndiyo maana pakavu. Vilevile ndiyo maana inazidi kwenye mzigo, kwa sababu dizeli inayotakiwa ni nyingi zaidi.

Baba Gilbert, 08:16
[picha]
Mapovu haya hapa. Madogo madogo yanafuatana, nikipiga resi yanaongezeka.

Fundi Juma Usa River, 08:19
Zima. Fungua lile bomba upande wa pampu ndogo, weka ndoo, fungua koki yote. Inatakiwa itoke mshipi mnene usiokatika. Ukitoka uzi mwembamba, koki imeziba.

Baba Gilbert, 08:33
Uzi mwembamba. Baadaye unakuwa matone.

Mzee Kaaya, 08:36
Umepata. Toa dizeli yote kwenye madumu safi, chomoa koki. Inakuwa na wavu wake kwa juu, unaingia ndani ya tangi. Osha kwa dizeli na brashi laini, usiutoboe wala usiutupe. Suuza na tangi lenyewe, tope la chini ndilo linaloziba. Ukirudisha, badilisha kile kipete cha shaba kinachobana bomba ndani ya nati. Kikishabanwa mara nyingi kinakuwa bapa, na kukaza nati zaidi hakusaidii, kunapasua nati tu.

Mama Witness, 08:41
Vipete ninavyo, na kifuniko cha pampu ndogo nacho kina gasketi yake, angalia kama imekauka. Baadhi ya hizo pampu zina wavu mdogo chini ya kifuniko, watu wengi hawajui upo. Filta uliyoweka ni CAV 296?

Baba Gilbert, 08:44
Ndiyo, 296.

Mama Witness, 08:47
Hakikisha mpira wa zamani haukubaki kwenye mfereji wa kichwa cha filta. Unakuwa mweusi, umeshikana na chuma, mtu anaweka mpya juu yake. Utoe kwa ncha ya kijiti cha mti, siyo bisibisi, usichubue. Na boliti ya katikati isikazwe kwa nguvu za mabega, kile kichwa ni aluminiamu.

Mama Anande, 08:50
Na ile dizeli ya madumu anayorudisha ndani?

Mama Witness, 08:53
Asirudishe kabla ya kuiangalia. Jaza chupa inayoonyesha, iache itulie. Maji yanakaa chini, mstari utauona. Dizeli ya juu uipitishe kwenye kitambaa kisichotoa nyuzi. Iliyobaki chini ya dumu usiipende, imwage mbali na mfereji wa maji.

Baba Gilbert, 11:58
[picha]
Wavu ulikuwa umevaa tope kama ugali. Nimesafisha, kipete kipya, filta haikuwa na mpira wa ziada. Sasa nitoe upepo. Kilimi cha pampu ndogo hakina uzito, kinacheza tu.

Fundi Juma Usa River, 12:03
Pampu haijafa. Kamu imesimama ikiwa imeusukuma mkono wake, kilimi hakina cha kuvuta. Zungusha injini mzunguko mmoja kwa spana, kilimi kitapata uzito.

Halafu fuata njia ya dizeli, usiruke. Anza na skrubu ya juu ya filta: pampu kwa kilimi mpaka itoke dizeli bila povu, kaza huku bado unapampu. Nenda kwenye pampu kubwa, skrubu ya ubavuni kwenye mwili wake, fanya vilevile. Kisha ile ya juu kwenye nyumba ya gavana. Skrubu hizo ni ndogo, zikikazwa sana meno yanakufa.
Mwisho legeza nati za mabomba kwenye nozeli mbili, mkono wa mafuta mpaka mwisho, kamba ya kuzimia uwe umeirudisha ndani, piga stata. Sekunde 15 hivi, pumzisha, rudia. Dizeli ikiruka kwa mapigo bila povu, kaza.

Baba Gilbert, 12:47
Imewaka. Sailensa imekaa palepale, haipandi wala kushuka. Misi bado ipo. Moshi mweupe bado.

Mzee Kaaya, 12:50
Sasa ndiyo wakati wa kutafuta silinda. Injini iwake kwenye sailensa, legeza nati ya bomba la nozeli moja moja, nusu mzunguko inatosha, sikiliza, kaza, nenda nyingine. Ukilegeza na sauti ikaharibika zaidi, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Ukilegeza na isibadilike chochote, ndiyo hiyo.

Vaa glavu, funika nati kwa kitambaa, na uso uwe mbali. Na hapo ni kulegeza nati tu. Usishike bomba lililopasuka wala usiweke kidole mbele ya nozeli inayopuliza. Dizeli ya presha ile inapenya ngozi. Utaona kitobo kama cha sindano, hakiumi sana mwanzoni, kumbe ndani nyama inaoza. Likimtokea mtu ni hospitali saa ileile na aseme wazi ni dizeli ya presha, asisubiri uvimbe.

Baba Gilbert, 13:09
Namba tatu, ya upande wa dashibodi. Nikiilegeza hakuna tofauti. Moja na mbili zote zinashtuka.

Gilbert Jr, 13:11
Baba tununue nozeli mpya ya namba tatu tumalize.

Mzee Kaaya, 13:15
Mwanangu, subiri. Hatujui bado kama ni nozeli. Badilishaneni: ya tatu iende moja, ya moja ije tatu, mrudie kulegeza nati. Misi ikihamia namba moja, nozeli ndiyo mgonjwa. Ikibaki tatu, nozeli haina kosa na hela yenu imepona.

Fundi Juma Usa River, 13:22
Mkizitoa, futeni kwanza vumbi lote kuzunguka, na mabomba yafungwe midomo kwa kitambaa safi. Chini ya kila nozeli kuna washa ya shaba. Mara nyingi inabaki ndani ya shimo; mtu haioni, anaongeza nyingine, nozeli inakaa juu kuliko inavyotakiwa na kuvujisha kompresheni. Mulikeni kwa tochi. Washa moja kwa shimo moja. Kama hamna mpya leo, ya zamani ichomwe mpaka iwe nyekundu, itumbukizwe kwenye maji, inalainika tena, futa masizi ndipo uirudishe.
Nati mbili za kushikilia nozeli zikazwe kidogo kidogo kwa zamu, upande huu na upande ule, mwisho 12 kwa spana ya kupimia inayosoma futi-pauni, sawa na Nm 16. Ikikaa upande, sindano ya ndani inabana na umetengeneza misi mpya.

Baba Gilbert, 15:20
Tumebadilishana. Washa zilikuwa moja moja. Misi imebaki namba tatu.

Mama Witness, 15:23
Kwa hiyo dizeli inafika na nozeli inapuliza. Kilichobaki ni kompresheni. Tapeti, zile nafasi za vavu, zilipimwa lini?

Baba Gilbert, 15:25
Kwa kweli tangu linunuliwe sijui.

Mzee Kaaya, 15:38
Fungua kava ya juu injini ikiwa imepoa kabisa. Hii Perkins ya silinda tatu inataka nafasi ya inchi 0.012 kati ya roka, ule mkono unaosukuma vavu, na vavu yenyewe, ikiwa baridi, yaani milimita 0.30, za kuingiza na za kutolea sawasawa.

Vuta kamba ya kuzimia ibaki nje. Geuza injini kwa spana kwenye nati ya puli ya mbele, kufuata saa ukiwa umesimama mbele ya rejeta. Kwa kila silinda, tazama vavu ya kuingiza: ishuke, ipande ijifunge, halafu endelea kidogo chini ya nusu mzunguko. Hapo pistoni iko juu na roka zote mbili za silinda hiyo zimelegea. Pima. Geji ipite ikiburuta kidogo. Shika skrubu kwa bisibisi ukikaza nati, kisha pima tena, kwa sababu nati ikikazwa inavuta skrubu.

Anza na namba tatu. Uniambie ulichokuta kabla ya kurekebisha.

Baba Gilbert, 16:34
Mzee, ya kutolea moshi ya namba tatu haina nafasi kabisa. Hata geji nyembamba kuliko zote haiingii. Roka haichezi. Zingine zote ziko kati ya 0.25 na 0.35.

Mzee Kaaya, 16:37
Ndiyo hiyo. Vavu haijifungi mpaka mwisho, kompresheni inatorokea kwenye ekzosi, joto halitoshi kuwasha dizeli, inatoka mbichi nyeupe. Na sehemu inateleza ukutani mwa silinda mpaka kwenye oili, ndiyo harufu uliyoisikia kwenye kijiti.
Weka zote 0.30. Usiwashe bado.

Fundi Juma Usa River, 16:41
Oili imwagwe na filta yake ibadilishwe leo hii kabla ya shamba. Oili iliyochanganyika na dizeli ni nyepesi, inaua beringi za kranki, na hizo hazina bei ya washa ya shaba. Kisha endelea kunusa kijiti. Harufu ikirudi wakati misi imeisha, diaframu ya pampu ndogo imetoboka na inamwagia dizeli ndani, au sili ya shafti ya pampu kubwa. Kiwango kikianza kupanda juu ya alama, usiwashe kabisa. Injini inaweza kuanza kunywa oili yake na ikakataa kuzima.

Baba Gilbert, 18:20
[sauti 0:22]

Mama Anande, 18:23
Inasikika hadi huku kwangu barabarani, imetulia kabisa!

Baba Gilbert, 18:26
Moshi mweupe ulitoka kidogo mwanzoni, umekata. Nikilegeza nati ya namba tatu sasa injini inashtuka kama zile nyingine. Asanteni sana wazee wangu. Naweza kuingia shambani kwa Mama Anande kesho?

Mzee Kaaya, 18:35
Ingia, lakini hiyo vavu tunaichunga. Nafasi haipotei bure. Ama vavu imezama kwenye kiti chake, ama imeanza kuungua ukingoni. Kama kiti ndicho kimelika na vavu bado inafunga vizuri, italima msimu huu bila shida. Kama imeungua, misi itarudi hata tapeti ikiwa sawa. Lima ekari chache, acha ipoe usiku, pima namba tatu asubuhi. Ikiwa bado 0.30, endelea. Ikiwa imebana tena, hedi inashuka: kusaga vavu na kiti, gasketi mpya. Usirekebishe tapeti mara ya pili ukidhani umetibu.

Mama Witness, 18:39
Nikuwekee gasketi ya kava, ya zamani ikishafunguliwa haizibi vizuri. Gasketi ya hedi usinunue bado.

Fundi Juma Usa River, 18:44
Na kisafisha hewa, kile cha bakuli la oili. Vumbi la sasa ni la hatari. Kila jioni toa bakuli, mwaga tope, osha kwa dizeli, jaza oili ya injini mpaka kwenye alama tu. Ikizidi inavutwa kwenye injini, ikipungua vumbi linapita na kusaga ringi. Hapo ndipo kompresheni ya silinda zote tatu inapokwisha kwa pamoja, na hiyo tapeti haiponyi.

Gilbert Jr, 18:50
Nikipima asubuhi halafu injini tayari imeshawashwa, bado 0.30?

Mzee Kaaya, 18:52
Ikiwa ya moto kabisa ni inchi 0.010, milimita 0.25. Lakini wewe ipime baridi, kabla baba hajagusa ufunguo.