Newton na Tuzo ya Nobel: angeipata kwa uvutano au kwa mche wa kioo?

Mtoa mada

Wakuu, swali hili likizuka wengi hukimbilia uvutano. Nasema hivi: kwa masharti ya leo ya Nobel ya fizikia, kazi ya Newton iliyokamilika ni ile ya rangi za mwanga. Tuzo inataka ugunduzi uliothibitishwa, mshindi aliye hai, na mgao usiozidi watu watatu.

Tazama barua yake ya 1672 kwa Royal Society, chama cha wanasayansi cha Uingereza. Alitoboa tundu la robo inchi kwenye ubao wa dirisha, mwanga wa jua ukapita kwenye mche wa kioo (kipande cha kioo chenye pembe tatu) na kuangukia ukuta ulio umbali wa futi 22. Jua lina upana wa karibu nusu digrii angani. Kwa hiyo, kama kioo kingepinda miale yote sawasawa, doa ukutani lingekuwa na upana wa kama inchi 2 na 5/8 kila upande. Upana ulitoka hivyo hivyo. Urefu ukatoka inchi 13 na robo, mara tano! Kisha akachuja rangi moja kwa ubao wenye tundu, akaipitisha kwenye mche wa pili: ikapinda, lakini haikuzaa rangi nyingine. Matarajio yapo, kipimo kipo, na jaribio la kukata mzizi wa fitina lipo.

Uvutano je? Principia, kitabu chake cha uvutano, ilitoka 1687, lakini uthibitisho wa nje ulichelewa. Msafara wa Lapland uliopima umbo la Dunia ulifanyika 1736 hadi 1737. Nyota yenye mkia ya Halley, iliyotabiriwa kurudi kwa sheria hiyo, ilionekana tena mwishoni mwa 1758. Newton alifariki 1727, kabla ya yote hayo.

Mchangiaji wa pili

Mtoa mada, hapo umebana mno. Uthibitisho mkubwa ulikuwamo ndani ya kitabu chenyewe. Mwezi uko umbali wa mara 60 hivi ya nusu kipenyo cha Dunia. Kama kani hupungua kwa mraba wa umbali, basi huko ni dhaifu mara 3,600. Kitu kikiachiwa hapa kwetu hushuka kama mita 4.9 katika sekunde ya kwanza. Mwezi nao unapaswa kushuka kuelekea Dunia umbali huohuo kwa dakika nzima, kwa sababu umbali wa kuanguka hukua kwa mraba wa muda, na kwa sekunde 60, 60 mara 60 ni 3,600. Kwa vipimo vya Dunia vilivyofanyika Ufaransa, hesabu ilikubali. Kamati ingetaka nini zaidi?

Na huo mche hauko safi kama unavyosema. Anthony Lucas, kule Liège, alirudia jaribio akapata urefu mara tatu hadi tatu na nusu ya upana, si mara tano. Newton hakulipokea vizuri. Sababu tunaijua leo: aina za vioo hutawanya rangi kwa viwango tofauti. Kwa kutoliona hilo, Newton alikata tamaa kwamba darubini ya lenzi haiwezi kuondolewa ukungu wa rangi. Mwaka 1758 John Dollond alipata hataza ya lenzi iliyounganisha vioo vya aina mbili, na rangi zikafutana.

Mchangiaji wa tatu

Mnasahau mwenendo. Mwaka 1712 kamati ya Royal Society iliamua ugomvi wake na mwanahisabati Mjerumani Leibniz kuhusu nani alianza kubuni kalkulasi, hisabati ya mabadiliko. Rais wa Royal Society alikuwa Newton, na ripoti aliiandika yeye. Mwaka huohuo takwimu za nyota za mwanaastronomia Flamsteed zilichapishwa bila ridhaa ya mwenyewe, hata baadaye Flamsteed akachoma nakala nyingi. Leo huo ni mgongano wa maslahi wa wazi.

Mtoa mada

Ya mwenendo nayakubali, ila Nobel hupima ugunduzi. Kuhusu Lucas, kosa lilikuwa katika alichokijumlisha Newton kutoka kwenye jaribio. Kwamba mwanga mweupe ni mchanganyiko hakulitikisa mtu. Hata Einstein, tuzo ya 1921 ilimtaja kwa sheria ya athari ya fotoelektriki (mwanga kung'oa elektroni kwenye metali), si kwa nadharia yake ya uhusianifu, ingawa vipimo vya kupatwa kwa jua kwa 1919 vilikuwa vimeshaiunga mkono. Kamati ilichagua kilichosimama imara.

Na Mwezi huohuo unamkwamisha. Newton alipokokotoa mzunguko wa ncha ya mbali ya njia ya Mwezi, alipata takriban nusu ya kinachoonekana. Mwanahisabati Mfaransa Clairaut ndiye aliyelisawazisha, 1749.

Mchangiaji wa pili

Clairaut hakubadili sheria hata kidogo. Alipeleka hesabu mbele zaidi, na sheria ileile ikatoa jibu sahihi. Ugumu wa kweli kwangu ni mgao. Mwanasayansi Mwingereza Hooke alimwandikia Newton Januari 1680 kwamba kani hupungua kwa mraba wa umbali, ila hakuwa na hisabati ya kuonyesha jinsi njia ya sayari ya umbo la yai (duaradufu) inavyotokea. Kwenye nafasi tatu, Hooke anaingia au anabaki nje?