Naomba ushauri: maoni yetu kuhusu sheria ndogo tuyapeleke wapi?

Habari zenu wakuu. Mimi ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji, mkoa wa Dodoma. Halmashauri yetu ya wilaya inapitia upya sheria zake ndogo, ikiwemo ya ushuru wa mazao. Rasimu tuliyoletewa ni nakala moja tu, imebandikwa ukutani kwenye ofisi ya kijiji, na ukurasa wa viwango umefifia kiasi kwamba tarakimu hazisomeki.

Kinachotuumiza ni alizeti. Rasimu inataja ushuru kwa gunia, bila kusema gunia la kilo ngapi. Huku kwetu lumbesa (gunia lililojazwa kupita kipimo) bado ipo, na anayeumia ni mkulima. Tena tangu 2017 mzigo usiozidi tani moja ulisamehewa ushuru unapovuka halmashauri moja kwenda nyingine, lakini kwenye rasimu sijaona pa kusema hivyo. Hili limeninyima usingizi.

Nimemwona mtendaji wa kijiji, akanielekeza kwa diwani. Diwani kanijibu kwa simu kwamba nisubiri. Mkutano mkuu wa kijiji tumeshaufanya na muhtasari upo, umesainiwa.

Naombeni mnisaidie mawili. Muhtasari huo tuupitishe kamati ya maendeleo ya kata, au tunaweza kuupeleka moja kwa moja kwa mkurugenzi na kudai mhuri wa kupokelewa? Na kama baraza la madiwani litapitisha kabla hatujasikilizwa, je, tunaweza kumwandikia waziri wa TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa) kabla hajaidhinisha?

Natanguliza shukrani.