Mtu kafuta komenti ya mistari mitatu kwenye draiva ya kerneli ya Linux, kaweka "/* Sleep for 15 ms. */". Wakuu, hii ni nini?

KerneliUsiku (mtoa mada)

Wakuu salaam, ingawa leo salaam zenyewe zinatoka kwa shida.

Yule jamaa wa viraka (mabadiliko ya msimbo yanayotumwa yakaguliwe) vya "usafi" mnamjua. Simtaji, mnamjua. Yule ambaye akiona nyota ya komenti (maelezo ya msomaji ndani ya msimbo) imepishana na mwenzake kwa nafasi moja, hali chakula. Leo kaleta kiraka kimoja, kichwa chake "fix comments", mistari mia nane na ushee. Ndani kageuza kila `//` kuwa `/* */`, kahamisha Tab, kapanga upya `#include` kwa alfabeti (nani kamtuma?), na kila komenti kaiwekea herufi kubwa mwanzoni na nukta mwishoni.

Hayo yote nameza. Sasa njooni hapa. Baada ya kuwasha upya chipu ya I2C (njia ya waya ya kuongea na chipu) palikuwa na komenti ya mistari mitatu. Ilisema hivi: kabrasha la chipu (maelezo ya mtengenezaji) linataka 5 ms (milisekunde), lakini kwenye bodi za toleo la kwanza umeme unapanda polepole, na ukiigusa chipu kabla ya 15 ms inajibu NAK (inakataa), probe (hatua ya draiva kuitambua chipu) inakufa na kosa la `-ENXIO`. Mistari mitatu tu. Kaifuta. Badala yake:

```
	/* Sleep for 15 ms. */
	usleep_range(15000, 16000);
```

Sleep for 15 ms! Ahsante sana bwana mkubwa! Kumbe 15000 ni kumi na tano! Dunia nzima ilikuwa gizani!

Na nukta kaweka.

Mwezi ujao atakuja mwingine na kabrasha mkononi, ataona 5 ms, ataona hapa 15 haina maelezo, atapunguza "kuharakisha kuwaka". Bodi za zamani zitakufa, tutaambiwa tutafute mdudu. Mdudu ndiye huyu huyu!

---

NyotaYaPili

Siti ya mbele nimeshakaa, kahawa na kashata ninazo. Endelea mkuu.

---

chuma_chakavu

`/* Povu for 15 ms. */`

Mtoa mada tuliza munkari, kiraka hakijaingia popote. Jibu "hapana" ukalale.

---

KerneliUsiku

@chuma_chakavu nimejibu hapana. Nikaandikiwa kwamba "checkpatch imelalamika", ile skripti ya kerneli ya kukagua mtindo wa viraka. Checkpatch! Checkpatch gani inakuambia futa sababu uweke saa? SLEEP FOR 15 MS!

---

BintiMakefile

Hapo kakudanganya mchana kweupe. `checkpatch.pl` bila kuigusa mipangilio inaruhusu `//`, hailalamiki kabisa. Kwenye komenti za mistari mingi inachodai chini ya `BLOCK_COMMENT_STYLE` ni umbo tu: kila mstari uanze na `*`, nyota zinyooke, na `*/` ya kufungia ikae mstari wake peke yake. Maana ya maneno haiijui, ile ni skripti ya Perl inayotafuta ruwaza.

Mwambie aendeshe hii alete matokeo hapa:

```
./scripts/checkpatch.pl -f --terse --types BLOCK_COMMENT_STYLE faili.c
```

Kitakachotoka ndicho cha kusafisha, hakuna cha ziada. Na asije na `--fix-inplace`. Maelezo yake yenyewe yanasema kama huna nakala au git (kihifadhi historia ya msimbo), shauri yako.

Halafu hiyo draiva iko `drivers/staging` (folda ya draiva ambazo hazijakomaa) au iko kwingine? Staging ndiko mazoezi ya usafi yanakokaribishwa, na hata huko ni kiraka kimoja, jambo moja. Nje ya staging kugeuzageuza msimbo unaofanya kazi ili tu checkpatch inyamaze ni kero. Marekebisho ya hitilafu yakirudishwa kwenye matoleo ya zamani yanagongana na huo usafi, na `git blame` inaonyesha jina la msafishaji kila mstari.

---

KerneliUsiku

Dada umenena. Kiraka kikiingia, jina lake litakuwa kila mstari. Hata kwenye ule wa 15 ms. Hasa ule wa 15 ms.

---

mzee_wa_objdump

Vijana mnalilia komenti iliyofutwa, hiyo inarudi. `git log -S'NAK' -- faili.c` itakuonyesha kiraka kilichoiweka na kilichoiondoa, unanakili unarudisha, kwisha. Kinachoua ni kugeuza `//` kwa mkupuo ndani ya makro (kifupisho cha msimbo cha `#define`). Tazameni hii, draiva za kiwandani zimejaa:

```
#define CHIP_RESET(d) \
	writel(1, (d)->base + CTL); \
	// acha chipu itulie \
	udelay(10)
```

Mkwaju wa kinyume mwishoni mwa mstari unaunganisha mistari KABLA komenti hazijaondolewa. Kwa hiyo hapo `udelay(10)` (kusubiri mikrosekunde 10) ni sehemu ya komenti, haijawahi kufanya kazi hata siku moja. Msafishaji akiandika `/* acha chipu itulie */ \`, `udelay` inafufuka. Kiraka kinaitwa "fix comments" na kimebadilisha mwendo wa mashine. Kama hiyo makro inaitwa ndani ya kitanzi kwenye interapti, mtaanza kuulizana kwa nini mfumo umekuwa mzito.

GCC, kompaila (kigeuza msimbo kuwa maelekezo ya mashine), inaonya hapo, `-Wcomment` imo ndani ya `-Wall`. Ila nani anasoma onyo la mia tatu?

---

pawa_benki

Mbona kuna njia rahisi. Ondoa komenti zote kwenye faili la kabla na la baada, kisha linganisha:

```
gcc -fpreprocessed -dD -E -P kabla.c > a
gcc -fpreprocessed -dD -E -P baada.c > b
diff a b
```

Ikitoka kimya, hakuna kilichobadilika zaidi ya komenti.

---

mzee_wa_objdump

@pawa_benki ni njia nzuri kwa asilimia kubwa ya faili, lakini kwa makro niliyoweka hapo juu itakudanganya. `-fpreprocessed` haiunganishi mistari yenye mkwaju wa kinyume. Itaona `//` inaishia mstari huohuo, itaacha `udelay` pande zote mbili, diff haitakuonyesha kwamba `udelay` imefufuka, nawe utasema safi.

Jenga kweli. Kabla na baada, kompaila ileile, `.config` ileile, kisha `objdump -d` (inaonyesha maelekezo ya mashine) kwenye `.o` zote mbili na ulinganishe. Ndani ya kerneli kuna `scripts/objdiff` inayokufanyia kazi hiyo: `record` kabla, `record` baada, kisha `diff`. Usilinganishe faili zima la `.o` kwa `cmp`, maana komenti ikiongezeka mstari mmoja, nambari za mistari zinahama, na taarifa za debug pamoja na jedwali la `WARN` zitatofautiana hata kama maelekezo ni yaleyale.

---

NyotaYaPili

Kashata zimeisha, naagiza nyingine.

---

Otieno_wa_tty

Sasa nyinyi mnalia na huyo, sisi huku tuna yule wa `/**`. Yaani kila komenti kwake ni nyota mbili. Komenti ya kawaida, nyota mbili. Jina la mwandishi, nyota mbili. Ukijenga na `W=1` (onyo za ziada) unapata mvua ya onyo kwamba komenti imeanza na `/**` na si kernel-doc (komenti zinazogeuzwa kuwa nyaraka). Bana, nyota mbili ni za kernel-doc pekee! Ukiziweka, basi lete jina la fanksheni, kistari, maelezo mafupi, kila kigezo na `@` yake, na `Return:`. Ukibadilisha jina la kigezo na komenti ukaisahau, unaambiwa kigezo hakijaelezwa, na kile cha zamani kinaitwa cha ziada.

Na ukimwambia atoe nyota moja, anaitoa, halafu ile mistari ya `@dev:` anaiacha ikining'inia humo. Wacha tu.

---

KerneliUsiku

Pole kaka, ila huyo wako angalau hajafuta SABABU. Wangu kafuta sababu.

---

chuma_chakavu

`/* Cry for 15 ms. */`

---

semikoloni

Nyie wote watoto. Kuna komenti ambazo kompaila inazisoma, mnajua hilo? Kwenye kerneli za kiwandani za zamani utakuta `/* fall through */` kabla ya `case` inayofuata. GCC kuanzia toleo la 7 inaitambua na kunyamazisha `-Wimplicit-fallthrough`. Msafishaji "mwenye Kiingereza kizuri" akija kuiandika `/* Continue to the next case. */`, onyo linarudi, na kama kuna `-Werror` (kila onyo ni kosa) basi haijengeki. Clang, kompaila nyingine, ndiyo haikuwa inazijali kabisa komenti za C, na siku hizi kerneli inaandika `fallthrough;` kama msimbo. Hiyo ndiyo dawa.

Vilevile mstari wa SPDX, ule wa kutaja leseni ya faili. Mstari wa kwanza wa faili la `.c` ni `// SPDX-License-Identifier: ...`, kwenye `.h` ni `/* ... */`. Mtu akigeuza `//` zote kwa `sed` anaigeuza na hiyo. Checkpatch INALALAMIKA hapo, tena kwa haki. Yaani kasafisha mpaka kachafua.

---

KerneliUsiku

Subiri niangalie.

...Kaigeuza. Faili zote za `.c`. WAKUU, KAIGEUZA.

---

BintiMakefile

😂😂😂

---

pawa_benki

Mimi naona tatizo kubwa ni upana. Wengine bado wanavunja komenti kwenye herufi 80, wengine 100. Tangu 2020 checkpatch inaonya ukizidi 100, basi watu wanajinyoosha.

---

semikoloni

80 bado ndiyo inayopendelewa kwenye mwongozo wa mtindo. 100 ni pale skripti inapoanza kupiga kelele, usichanganye mambo. Komenti hasa haina kisingizio, maneno yanavunjika popote.

---

pawa_benki

Skrini za sasa zina upana wa kutosha, mzee. Hatupo kwenye VT100, terminali za zamani.

---

semikoloni

Fungua diff tatu ubavu kwa ubavu kisha urudi kuniambia habari za upana.

---

Otieno_wa_tty

Na net, msimbo wa mtandao, je? Miaka yote hiyo `net/` na `drivers/net/` walikuwa na mtindo wao, maneno yanaanza palepale kwenye mstari wa `/*`. Torvalds mwenyewe, mwanzilishi wa Linux, aliufokea hadharani 2016. Sasa hiyo kanuni ya pekee imeondolewa, na kuna watu wanataka kugeuza kila faili la net leo leo. Buda, andika mpya kwa mtindo mpya, hayo ya zamani yaache!

---

jembe_na_git

Mnabishana nyota wakati kuna mtu huku anatuma kiraka kwa barua yenye HTML. Tab zote zimekuwa nafasi, mistari mirefu imekatwa katikati, `git am` (ya kuingiza kiraka) inakataa. Unamwambia tumia `git send-email`, anakuambia aliambatisha zip. ZIP! Halafu toleo la pili anasahau kuandika `v2`, na maelezo ya alichobadilisha anayaweka juu ya `---` (mstari wa mwisho wa ujumbe wa kiraka), kwa hiyo yanaingia kwenye historia milele. Chini ya `---` ndugu yangu, chini!

---

mzee_wa_objdump

Na msimbo uliozikwa ndani ya komenti? Fanksheni nzima, mistari arobaini, kila mmoja una `//`. Msafishaji anaigeuza iwe `/* */` iliyonyooka vizuri. Huo si wa kunyoosha, ni wa kufuta, git inaukumbuka. Na kama ndani yake kuna `/* */` nyingine, ile `*/` ya kwanza inafunga mapema na kilichobaki kinamwagika kwenye kompaila.

---

jembe_na_git

`#if 0` (kuzima msimbo bila kuufuta) je?

---

mzee_wa_objdump

Futa nayo.

---

KerneliUsiku

Wakuu tumetoka nje ya mada. Mada ni kwamba mtu kaona maelezo ya NAK, kaona toleo la bodi, kaona mpaka jina la kosa, akasema moyoni "hii ndefu", akaandika

`/* Sleep for 15 ms. */`

Naomba turudi hapo.

---

chuma_chakavu

Hivi nafasi kati ya `/*` na S kaweka?

---

KerneliUsiku

Kaweka.

---

chuma_chakavu

Basi mtindo uko sawa.

---

mgeni_wa_linux

Habari wakuu, samahani kuingilia. Naona humu kuna wajuzi wa draiva. WiFi ya laptop yangu inakatika kila baada ya muda, nikizima na kuwasha inarudi. Naanzia wapi?

---

BintiMakefile

Karibu. Tuma matokeo ya `lspci -nnk`, sehemu ya Network tu. Tunataka kuona mstari wa "Kernel driver in use".

---

mgeni_wa_linux

Inaandika rtw_8821ce

---

BintiMakefile

Hiyo ni familia ya rtw88. Jaribu kuzima ASPM, ule uokoaji wa umeme wa PCIe. Tengeneza faili `/etc/modprobe.d/rtw88.conf` lenye mstari huu mmoja:

```
options rtw88_pci disable_aspm=1
```

Zima laptop kabisa, iwashe. Betri itaisha haraka kidogo zaidi. Ikiendelea kukatika, leta `dmesg | grep rtw`.

---

Otieno_wa_tty

Na kama ulisakinisha draiva ya pembeni kutoka mtandaoni, itoe kwanza. Mbili zikigombea chipu moja hutapata raha. Ya pembeni pia Secure Boot itaikataa mpaka uisaini.

---

mgeni_wa_linux

Imetulia wakuu, mbarikiwe sana. Sasa Bluetooth ndiyo haionekani kabisa.

---

NyotaYaPili

Fungua uzi wake mkuu, tunakuja.