Mrejesho: zile nyimbo za Krismasi za hotelini

Jamani nimerudi. Mie ndo yule niliyeuliza nyimbo gani za Krismasi mnazipenda na zipi mmezichoka, maana bosi wa hoteli huku Nungwi, Zanzibar, kanikabidhi spika na mie mwenyewe Muislamu, sijui hili wala lile.

Wengi mlinambia nianze na Usiku Mtakatifu, nkaweka magharibi watu wakiwa wanakula, wallahi pakatulia. Kuna bibi mmoja mgeni aliweka uma chini akawa anaimba polepole kwa Kijerumani, baadae ndo akanambia wimbo wenyewe wa kwao Austria, uliimbwa mara ya kwanza 1818. Mpishi wetu wa Kipemba nae saivi anakuna nazi huku anaufatisha kwa mluzi, maneno hajui hata moja lol

Jingle Bells mlinionya nkajifanya mjuaji. Nliiweka asubuhi ikajirudia weee mpaka mhudumu wa baa akaja kuchomoa waya, akasema jua lote hili la kaskazi, jasho linamtiririka, halafu anaimbiwa theluji na farasi! Na kumbe humo ndani Krismasi haitajwi hata mara moja, nimesikiliza mwanzo mwisho.

Ile ya Mariah Carey ya 1994, All I Want for Christmas Is You, mligawana nusu kwa nusu, hapa pia. Wageni wanacheza, wafanyakazi wanakimbilia jikoni. Nimeibakisha mara moja kwa siku, basi.

Bosi ameridhika, ila sasa anataka za mwaka mpya, kwa hiyo ntarudi tena kuwasumbua.