Samaki wa Akinyi wamerudi ziwani

*Ijumaa*

Akinyi: Hamjambo nyote. Wale ngege niliowachapa kwenye vitambaa vya meza vya harusi, nimevifua leo. Maji yamekuwa bluu, samaki hawapo. Vitambaa sita!

Mjomba Okoth: Wamerudi ziwani 😂

Anti Rose: Okoth, mwache mtoto. Akinyi, ulitumia wino gani?

Akinyi: Ule wa kuongezea kwenye mihuri ya ofisi, nilinunua duka la vitabu. Ulikuwa umekauka kabisa anti, hata ukiupapasa haushiki kidole.

Anti Rose: Kukauka si kushika. Huo ni wa karatasi.

Mjomba Okoth: Si uloweke kwa chumvi na siki? Mama alifanya hivyo na leso zake.

Anti Rose: Na zilichuja vilevile, mimi ndiye nilikuwa nazianika. Siki haishikishi rangi kwenye pamba.

Juma Nakuru: Dada, mimi huku nachapa tisheti. Tafuta wino wa skrini, huu wa kuchapia nguo, ule wa maji. Muuzaji akikupa plastisoli, ule wino wa plastiki, mrudishie. Hiyo haikauki kwa hewa hata ukiianika mwezi mzima, inataka joto la kama digrii 160.

Akinyi: Na rangi ya ukuta? Nina nusu mkebe hapa.

Juma Nakuru: Hapana! Kitambaa kitakuwa kadibodi, ukikikunja inapasuka. Kuna wino wa mafuta pia, huo mistari yake inatoka safi sana, lakini utangoja siku nyingi ukauke, na wewe una watoto wa kuugusagusa.

Akinyi: Basi wa maji. Kibao changu cha kuchapia ni mpira wa tyubu nimeuchonga na kuugundisha kwenye ubao. Utafaa?

Juma Nakuru: Unafaa. Ila usiuchovye kwenye wino, upake kwa sponji, safu nyembamba. Na joto la Kisumu hilo, wino utakukaukia kwenye kibao. Chapa asubuhi, mimina kidogo kidogo.

Anti Rose: Kitambaa kifue kwanza, marikani mpya huwa na wanga. Tandika blanketi chini yake. Wino ukikauka, piga pasi kavu, bila mvuke, dakika 3 hadi 5 kila mahali, na kitambaa kingine juu. Halafu usikimbilie beseni, ngoja wiki.

Juma Nakuru: Soma kopo kwanza, kila wino na pasi yake. Na usianze na vitambaa sita tena! Chapa kipande kimoja, kikate katikati, nusu ipige pasi, nusu iache, zote ufue.

*Jumapili, wiki ya pili*

Akinyi: Nimefua. Nusu yenye pasi, samaki yuko na magamba yake yote. Nusu nyingine imebaki mkia tu, na huo umefifia.

Anti Rose: Sasa umeona.

Akinyi: Shida ni jicho. Kila samaki wa kwanza baada ya kupaka wino, jicho linaziba.

Juma Nakuru: Wino umezidi. Chapa ya kwanza piga kwenye gazeti, ya pili ndiyo ya kitambaa. Tundu la jicho lisafishe na kijiti cha meno.

Mjomba Okoth: Huyo kipofu msimtupe. Nipeni mimi nifunikie chapati.